Msimamizi wa hifadhidata anayetaka kujifunza ghala la data aanzie wapi?

mlinzi_wa_logi

Wakuu, habari za kazi.

Nasimamia hifadhidata ya PostgreSQL 16 ya mfumo wa mauzo: oda, malipo, stoo. Bakapu, replika (nakala hai ya hifadhidata), indeksi, vacuum (kusafisha rekodi zilizokufa), hayo nayamudu. Sasa idara ya fedha inataka ripoti za miaka mitano kwa mwezi, kwa kundi la bidhaa na kwa aina ya mteja, na hoja zao (maswali ya SQL) zinaburuza mfumo mzima. Nimepewa kazi ya kujenga ghala la data, yaani hifadhidata ya pembeni ya kutunza historia kwa ajili ya ripoti. Mauzo ni kama rekodi 500,000 za bidhaa kwa siku.

Naomba kueleweshwa mambo matatu. Kwanza, kwa nini nisiweke tu replika ya kusoma wakapiga ripoti huko? Pili, msingi wenyewe ni upi, yaani nijifunze nini kabla ya kuanza kuchagua programu? Tatu, mazoea gani ya usimamizi wa kawaida yatanipotosha huku?

---

punje_kwanza

Mkuu, replika inapunguza mzigo kwenye seva kuu, lakini ina kasoro mbili, na ya pili ndiyo nzito.

Ya kwanza unaijua: hoja ndefu kwenye replika inagongana na logi ya mabadiliko kutoka seva kuu inayotakiwa kutumika pale. Kwa mpangilio wa awali `max_standby_streaming_delay` ni sekunde 30, baada ya hapo hoja inauawa. Ukiwasha `hot_standby_feedback` hoja itapona, ila seva kuu itashindwa kusafisha rekodi zilizokufa na majedwali yatavimba. Ni kuhamisha tatizo tu.

Ya pili: replika inakuonyesha hali ya sasa peke yake. Mteja aliyekuwa "rejareja" mwaka jana akihamishiwa "jumla" leo, mfumo wa mauzo unafuta neno la zamani na kuandika jipya. Ripoti ya mwaka jana ikipigwa kesho itatoa namba tofauti na iliyopigwa jana, na hakuna aliyekosea. Mtaalamu wa maghala ya data Bill Inmon alipoeleza ghala la data alitaja sifa nne: limepangwa kwa mada, limeunganisha vyanzo, linabeba wakati, na data yake ikishaingia haibadilishwi ovyo. Replika haina hata moja kati ya hizo.

Sasa msingi. Anza na punje, usianze na jedwali. Punje ni jibu la swali moja: rekodi moja ya jedwali la matukio inawakilisha nini hasa? "Bidhaa moja ndani ya oda moja" ni punje. "Mauzo" si punje. Iandike kwa sentensi moja, na kila safuwima unayotaka kuongeza iulize kama ni ya kweli kwa sentensi hiyo. Gharama ya usafirishaji ni ya oda nzima. Ukiitia kwenye punje ya bidhaa, oda yenye bidhaa 3 itahesabu usafiri mara 3. Ama uigawanye kwa uwiano wa thamani, ama uiweke kwenye jedwali lake lenye punje ya oda.

Na chagua punje ndogo kabisa inayopatikana. Jumla za mwezi unaweza kuzitengeneza kutoka kwenye bidhaa mojamoja; kurudi kinyume haiwezekani.

Ukishakuwa na punje, jedwali la matukio linabeba vitu viwili tu: funguo na namba. Maneno yote (jina la bidhaa, kundi, aina ya mteja, tawi) yanakaa kwenye dimensheni, majedwali mapana yanayolizunguka. Hiyo ndiyo skima ya nyota. Hapa ndipo zoea la kwanza litakapokupotosha: utatamani kutoa "kundi la bidhaa" kwenye jedwali lake ili lisirudiwe. Acha lirudiwe. Bidhaa 20,000 zenye jina la kundi lililorudiwa ni megabaiti chache, na umeokoa muunganisho mmoja kwenye kila ripoti. Kanuni za usanifu ulizofundishwa zinalinda data inayoandikwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Huku anayeandika ni mmoja tu, programu yako ya kupakia.

Namba nazo zina tabia. Kiasi na thamani unajumlisha popote. Salio la stoo unaweza kulijumlisha kwa matawi lakini si kwa siku: salio la Jumatatu kujumlisha la Jumanne halina maana, chukua la siku ya mwisho au wastani. Asilimia na bei ya kipande hazijumlishwi kabisa. Usihifadhi asilimia ya faida. Hifadhi faida na mauzo, kisha ugawanye baada ya kujumlisha.

Kuhusu yule mteja aliyehama kundi: dimensheni ya mteja inapewa ufunguo bandia, namba tupu isiyo na uhusiano na namba ya mteja ya mfumo wa mauzo. Kundi likibadilika unafunga rekodi ya zamani kwa tarehe na kufungua mpya yenye ufunguo mpya. Hiyo inaitwa aina ya 2 ya mabadiliko ya polepole. Aina ya 1 ni kuandika juu ya ya zamani, na inafaa kwa vitu kama namba ya simu. Amua kwa kila safuwima. Anayetia aina ya 2 kwenye safuwima zote, pamoja na "mara ya mwisho kuingia", hujikuta na dimensheni kubwa kuliko jedwali la matukio.

Vipindi vifanye nusu wazi: mwanzo umo, mwisho haumo. Wakati wa kupakia unatafuta ufunguo hivi:

`JOIN dim_mteja m ON m.mteja_namba = s.mteja_namba AND s.tarehe_oda >= m.kuanzia AND s.tarehe_oda < m.hadi`

Angalia kwamba tunatumia tarehe ya oda, si tarehe ya kupakia. Oda iliyochelewa kufika wiki mbili lazima ipate kundi la mteja la wiki mbili zilizopita. Rekodi iliyo hai ipe `hadi` ya 9999-12-31 badala ya NULL, vinginevyo ulinganisho wa pili hautakuwa kweli kamwe na oda zote mpya zitadondoka kimyakimya. Na kwa kuwa uko PostgreSQL, weka kizuizi cha EXCLUDE (kinachokataa rekodi zinazopandana) kwenye namba ya mteja na `daterange` kwa msaada wa `btree_gist`. Vipindi viwili vya mteja mmoja vikipandana, kila oda ya kipindi hicho inazaa rekodi mbili na mauzo yanapanda bila kuuzwa kitu.

Mwisho, kila dimensheni iwe na rekodi ya ufunguo -1, "Haijulikani". Oda isiyopata mteja iende huko.

---

safuwima

Mwenzangu kamaliza upande wa usanifu, nakuja na mashine.

Piga hesabu kabla ya kuogopa. Rekodi 500,000 kwa siku; kwenye PostgreSQL kila rekodi ina kichwa cha baiti 24 na kielekezi cha baiti 4, weka baiti 60 za funguo na namba, jumla 88. Ni megabaiti 44 kwa siku, gigabaiti 16 hivi kwa mwaka, 80 kwa miaka mitano kabla ya indeksi. Hiyo si data kubwa. PostgreSQL ya pili kwenye seva yake inaitosha, na kikubwa ni kwamba iwe *seva yake*. Mipangilio ya miamala midogo na ya ripoti haikai nyumba moja.

Mfano `work_mem`, kumbukumbu ya kufanyia kazi za hoja kama kupanga na hashi. Ya awali ni megabaiti 4, nayo kwa ripoti ni ndogo mno: upangaji unamwagika kwenye diski. Lakini usiipandishe ukidhani ni kwa kila mtumiaji. Ni kwa kila hatua ya hoja, kwa kila mchakato, na hatua za hashi zinazidishiwa `hash_mem_multiplier` ambayo tangu toleo la 15 ni 2. Ukiweka megabaiti 256, hatua moja ya hashi yenye michakato mitatu inaweza kufika gigabaiti 1.5. Watumiaji kumi, na seva inaishiwa kumbukumbu. Iweke kwa jukumu la ripoti kwa ALTER ROLE, usiiguse ya seva nzima.

Gawa jedwali la matukio kwa partisheni (vipande vya jedwali) za mwezi. Miaka mitano ni partisheni 60, idadi ya kawaida kabisa. Za siku zingekuwa zaidi ya 1,800 na mpangaji wa hoja angeanza kuchoka. Mtego ni huu: ripoti ikichuja mwaka kupitia dimensheni ya tarehe peke yake, mpangaji hawezi kujua mapema ni partisheni zipi aziruke, kwa hiyo mara nyingi anasoma zote 60. Chujio liwe kwenye safuwima ya tarehe ya jedwali la matukio lenyewe. Ndiyo sababu tarehe ndiyo dimensheni pekee ambayo ufunguo wake unaruhusiwa kuwa na maana: tumia aina ya `date` moja kwa moja, au namba kama 20240131.

Indeksi: punguza. B-tree (indeksi ya kawaida) kwenye kila ufunguo wa jedwali la matukio inapunguza kasi ya kupakia na ripoti haiigusi, kwa sababu inayosoma robo ya jedwali ni afadhali ilisome lote. Kwenye tarehe weka BRIN. Inahifadhi thamani ndogo na kubwa kwa kila kurasa 128, hivyo ni ndogo ajabu, ila inafaa tu kama rekodi zimelala kwenye diski kwa mpangilio wa tarehe. Tazama `correlation` kwenye `pg_stats`. Ikiwa mbali na 1 au -1, BRIN yako ni pambo. Na kurasa mpya haziingii kwenye muhtasari wake hadi vacuum ipite, au uwashe `autosummarize`.

Jambo moja linalowapita wengi: autovacuum haikusanyi takwimu za jedwali mama la partisheni, inashughulika na watoto tu. Piga ANALYZE ya mama mwenyewe mwisho wa kila upakiaji. Bila hivyo mpangaji anakisia, anaunganisha majedwali kwa vitanzi, rekodi mojamoja, mahali pa hashi, na ripoti ya dakika moja inakula saa.

Uhifadhi wa kwa safuwima ni hatua ya baadaye. Faida yake ni kweli: hoja inayohitaji safuwima 4 kati ya 40 inasoma hizo 4 tu, na thamani zinazofanana zikikaa pamoja zinabanwa vizuri. Lakini una tabia zake. Kwenye SQL Server, kwa mfano, kundi la rekodi linafika hadi 1,048,576, na upakiaji wa mkupuo usiofikia rekodi 102,400 hauendi moja kwa moja kwenye sehemu iliyobanwa. Anayepakia vipande vidogovidogo kila dakika anaua faida yote. Jifunze kupakia kwa mkupuo kwanza.

---

mlinzi_wa_logi

Shukrani wakuu, nimeanza kuona njia. Nimejaribu upakiaji wa usiku: nachukua kila rekodi ambayo `updated_at` yake imezidi ile ya mwisho niliyochukua. Inakimbia vizuri, lakini jumla ya mwezi inapungua kidogo kuliko mfumo wa mauzo. Si nyingi, rekodi kumi, ishirini. Siku nyingine ziko sawa. Inatoka wapi?

---

mpakiaji

Mkuu, hilo ni kosa maarufu na lina sababu zaidi ya moja.

Kubwa ni miamala inayochelewa. Kwenye PostgreSQL `now()` hutoa saa ambayo muamala *ulianza*. Muamala ukianza 5:58 usiku, ukaandika `updated_at` ya 5:58, ukathibitishwa 6:07. Programu yako ikapita 6:05. Haikuuona, kwa sababu haujathibitishwa. Ila imeona rekodi nyingine za 6:04 na kuweka alama yake hapo. Kesho inaanzia 6:04 kwenda mbele, na ile ya 5:58 haitachukuliwa milele. Siku zisizo na miamala mirefu saa hiyo, hesabu inakuwa sawa. Ndiyo maana inakuja na kuondoka.

Dawa: kabla ya kuchukua data, soma `xact_start` ya zamani kuliko zote kwenye `pg_stat_activity` ya chanzo, na usivuke hapo. Au rudi nyuma kila usiku kwa muda unaozidi muamala wako mrefu kabisa, tuseme saa 2, kisha uingize kwa MERGE, amri inayosasisha iliyopo au kuingiza mpya (ipo tangu toleo la 15), ili zilizokwisha kuingia zisijirudie. Mimi ningefanya yote mawili.

Ya pili ni rekodi zilizofutwa. `updated_at` ya kitu kisichokuwepo haisomeki. Hizi huzidisha ghala badala ya kulipunguza, kwa hiyo makosa mawili yanaweza kufichana na jumla ikaonekana karibu sawa. Usiangalie jumla ya mwezi tu. Linganisha funguo za siku moja, pande zote mbili.

Ya tatu, samahani, huwa ni msimamizi mwenyewe: anapiga UPDATE ya mkono kurekebisha data na hagusi `updated_at`. Weka triga ya kuijaza yenyewe.

Ya nne ni ukanda wa saa. Chanzo kinaandika UTC, ripoti inahesabu siku kwa saa za hapo ulipo, na mauzo ya saa za mwisho wa mwezi yanaangukia mwezi mwingine. Amua mara moja siku ya biashara inaanza saa ngapi, uigeuze wakati wa kupakia, na uhifadhi pia muda halisi wa UTC.

Ukichoka na `updated_at`, unaweza kusoma mabadiliko kwenye logi yenyewe kwa `wal_level = logical`. Inakamata ufutaji pia, ingawa kwa mpangilio wa awali ufutaji unaleta ufunguo mkuu tu. Ukitaka safuwima nyingine badili REPLICA IDENTITY. Hatari yake unaijua kwa kazi yako: sloti (alama ya msomaji wa logi amefika wapi) isiyosomwa inazuia logi kufutwa, na diski ya seva *kuu* inajaa. `max_slot_wal_keep_size` ya awali ni -1, maana yake haina kikomo. Weka kikomo, na weka tahadhari kabla ya kukifikia, kwa sababu sloti ikivuka inakufa na itakubidi uanze upya kwa kupakia kila kitu.

Kanuni ambayo ningeitanguliza kuliko zote: upakiaji wa siku yoyote uweze kurudiwa mara kumi na matokeo yawe yaleyale. Kwa jedwali lako la mwezi, utaratibu ni huu:

1. Pokea data ghafi kwa COPY (amri ya kupakia kwa mkupuo) kwenye jedwali la UNLOGGED (lisiloandikwa kwenye logi) katika eneo la mapokezi, safuwima zote za maandishi. Kubadili aina kufanyike baadaye, ili tarehe moja mbovu isiangushe faili zima.
2. Sasisha dimensheni kwanza, matukio baadaye.
3. Jenga partisheni mpya kama jedwali la kawaida lenye muundo uleule, likiwa limepangwa kwa tarehe. Weka indeksi baada ya data kuingia.
4. Ongeza CHECK inayolingana na mipaka ya partisheni, pamoja na sharti kwamba tarehe si NULL. Bila hiyo, ATTACH (kuliunga kwenye jedwali mama) italisoma jedwali lote upya kuhakikisha.
5. Ndani ya muamala mmoja, DETACH (kuitoa) ya zamani na ATTACH mpya. Msomaji anaona ya jana au ya leo, hakuna katikati.
6. ANALYZE.

Partisheni ya chaguo-msingi iepuke. Inaonekana ni wavu wa usalama, lakini kila ATTACH italazimika kuikagua, na DETACH CONCURRENTLY haikubali kabisa kama ipo.

---

nyota_na_theluji

Naongeza dogo. Watu watakuja kukuambia uchague kati ya njia ya Inmon, ghala la pamoja lililosanifiwa kikamilifu kwanza, na ya Ralph Kimball, nyota moja kwa kila shughuli ya biashara zikishirikiana dimensheni zilezile. Kwa vyanzo vitatu na idara moja, jenga nyota ya mauzo umalize, halafu ya malipo, zote zikitumia dimensheni moja ya mteja na moja ya tarehe. Mjadala mwingine uache.

Ila usije ukaunganisha hizo nyota mbili kwenye hoja moja kwa namba ya oda. Oda yenye bidhaa 3 na malipo 2 inatoa rekodi 6: malipo yamehesabiwa mara 3, bidhaa mara 2. Jumlisha kila nyota peke yake hadi kiwango kimoja, mfano mteja na mwezi, ndipo uunganishe matokeo. Wafundishe na watu wa fedha, maana wao ndio watakaoandika hoja hiyo.

---

mlinzi_wa_logi

Nimeelewa. Swali la mwisho: funguo za kigeni kutoka jedwali la matukio kwenda kwenye dimensheni, niziweke au nisiziweke? Mkono unakataa kuziacha. Na bakapu je, utaratibu uleule?

---

safuwima

Kwenye PostgreSQL 16 kila rekodi inayoingia inakaguliwa kwa kila ufunguo wa kigeni. Funguo 6, rekodi 500,000, ni ukaguzi milioni 3 kwa usiku. Kwa kiasi chako utavumilia, lakini ukija kupakia miaka mitano kwa mkupuo utaona tofauti: rekodi milioni 912 hivi, mara 6. Oracle inaruhusu kuutangaza ufunguo bila kuukagua, na mpangaji wake akautumia. Toleo lako halina hiyo. NOT VALID haisaidii, kwani inasamehe rekodi za zamani tu, mpya zinakaguliwa vilevile.

Kwa hiyo hamishia ukaguzi kwenye eneo la mapokezi: LEFT JOIN moja kwa kila dimensheni, hesabu wasiopata mwenza, wapeleke -1 na uandike idadi kwenye jedwali la udhibiti. Ikizidi kiwango mlichokubaliana, upakiaji usimame kabla ya ATTACH. Huo ni ulinzi uleule unaoupenda, ila unafanyika mara moja kwa seti nzima.

Jedwali hilo la udhibiti liwe na: siku ya data, saa ya kuanza na kumaliza, rekodi zilizopokelewa, zilizoingia, zilizokataliwa, na jumla ya thamani kutoka chanzo na kutoka ghalani. Tofauti ya senti moja ionekane.

Bakapu: partisheni za miezi iliyofungwa hazibadiliki, zichukue mara moja na uthibitishe zinarudi. Za kila siku ziwe dimensheni na miezi miwili ya mwisho. Jedwali la UNLOGGED la mapokezi halihitaji bakapu na seva ikianguka linafutwa lenyewe, ni sawa, mradi mafaili ghafi yapo. Kitu cha kulinda kwa wivu ni dimensheni za aina ya 2. Matukio unaweza kuyavuta tena kutoka chanzo, lakini historia ya mteja yupi alikuwa kundi lipi mwaka juzi haipo tena kwenye mfumo wa mauzo. Ipo ghalani peke yake.